Rabi

Kwetu Kwaluguru, Handeni, tulikuwa na walimu watatu. Wa shule alitumwa na serikali, wa chuo alisomesha Kurani barazani kwake, na wa kanisa alikuwa mkulima wa mahindi aliyevaa kanzu nyeupe kila Jumapili. Wote tuliwaita Mwalimu.

Huyu wa kanisa ndiye aliyenifundisha neno Rabi, yaani mwalimu. Tulikuwa kwenye Mathayo 23, Yesu anapowakataza wanafunzi wake wasiitwe hivyo. Mwalimu akafunga kitabu, akatuambia kuanzia siku ile tumwite Baba fulani, kwa jina la kifungua mimba wake. Hatukuweza. Wiki haikuisha, midomo ikarudi kwenye Mwalimu, naye akaitika.

Ukubwani biashara ya maharage ilinifikisha Mbale, Uganda, nikapanda kilima cha Nabugoye kwa Abayudaya, wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipotahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919. Ilikuwa Jumamosi, siku yao ya ibada, nikapewa kofia ndogo ya kufumwa kwa uzi. Kwa mtu aliyezoea baraghashia, ilikaa utosini tu, kila nikiinama naishika. Waliimba Kiebrania, wakaimba na Kiganda.

Nilidhani rabi ni padri wao. Sivyo. Ukuhani wa Kiyahudi hurithiwa kwa ukoo, urabi hupatikana kwa kusoma. Rabi hufundisha Taurati, huamua lipi halali na lipi haramu, huketi kuhukumu. Sala haimngoji, wakitimia watu wazima kumi inaswaliwa. Musa alimwekea Yoshua mikono, lakini mfululizo ule wa kale wa kuwekeana mikono ulikatika karne nyingi zilizopita. Wa leo hupewa idhini na marabi waliomsomesha. Wala cheo si kila kitu: Hillel, mmoja wa wanachuoni wao wakubwa wa kale, hutajwa kwa jina tupu, bila Rabi.

Abayudaya walilipia ukosefu wa idhini hiyo. Walishika Sabato kwa siri Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, na bado mwaka 2002 iliwabidi wangoje marabi kutoka Marekani na Israeli waje kuwapokea rasmi. Ndipo Gershom Sizomu, mmoja wao, akaenda kusoma Los Angeles, akawekwa rabi mwaka 2008.

Nikamuuliza mzee mmoja pale, kabla ya Sizomu mliwaitaje viongozi wenu? Akanitajia Samson Mugombe, babu yake Sizomu. “Rabi Samson,” alisema, “ndiye aliyetusomesha.” Naamini alimwita ipasavyo.