Mizani ya Ndoano

Hiace za dizeli zilizokuwa zikibeba abiria Iringa nilipoanza kazi hazikuwa na injini mbele ya dereva. Injini ilikuwa chini yake. Ili uione, abiria wa mbele washuke, uinue kiti, ufungue kifuniko cha bati, ndipo joto likupige usoni. Hata hapo mikanda ya feni huioni sawasawa, maana iko mbele kabisa na chini, kwenye giza. Ukitaka kuishika inabidi uingie uvunguni. Naamini ugumu huo peke yake ndio uliofanya mikanda isahaulike. Oili ilipimwa kila alfajiri, maji yaliongezwa, matairi yalitazamwa. Mkanda ulikumbukwa siku ulipokatika.

Mimi nimekula na kusomesha watoto kwa mikanda hiyo, na jambo ambalo nimelisema maisha yangu yote ya kazi ni kwamba mkanda haukatiki ghafla. Unatoa taarifa mapema, kwa mwenye kupima na kuandika.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili linanigusa hivi. Kwenye injini zile za 2L na 3L, mikanda miwili ya V hukimbia sambamba, ikizungusha feni, pampu ya maji na alteneta. Mgongoni mwa alteneta kuna pampu ndogo inayofyonza hewa kwa ajili ya busta ya breki. Injini ya petroli hupata mvuto huo bure kwenye njia yake ya kuingizia hewa. Dizeli haina, ndiyo maana imepewa pampu. Kwa hiyo mikanda ikienda, hupotezi chaji na maji ya kupoza tu. Unapoteza msaada wa breki. Na daladala zetu zilikuwa zikitoka Kihesa kwenda Ipogolo, njia ambayo ukishapita mjini inateremka mlima mzima hadi Mto Ruaha Mdogo.

Aliyenifundisha alikuwa fundi wa makamo aliyekulia kwenye malori ya Leyland na Bedford. Gereji nzima tulimwita Babu. Siku moja aliletewa gari linalochemsha, na dereva akaapa kwamba mkanda ni mpya na umekazwa mpaka mwisho. Babu aliingia uvunguni, akaniita nami niingie.

"Unaona nini kwenye puli?"

"Inang'aa, Babu."

"Inang'aa wapi?"

Ilikuwa inang'aa kwenye kitako cha mfereji. Hapo ndipo nilipoelewa mkanda wa V unavyofanya kazi. Hushika kwa mbavu zake, kwa kujibana kati ya kuta mbili za puli; tumbo lake halitakiwi kugusa chini kamwe. Mbavu zikilika, mkanda unazama, unakalia kitako, na pale hakuna kubana tena, ni kuteleza tu. Kitako cha puli iliyo salama hubaki na rangi ya vumbi na kutu. Kikianza kung'aa, ama mkanda umelika, ama kuta za puli zimelika, na huo mkanda ukizidi kuukaza utakachoua ni beringi ya alteneta. Tuliutoa ule mkanda "mpya" tukauweka kando ya mwingine wa saizi sahihi. Ulikuwa mwembamba kwa upana wa juu. Muuza spea alikuwa ametazama urefu peke yake.

Kuhusu ukazaji, Babu alitumia kidole gumba, kama mafundi wote. Unabonyeza katikati ya mkanda, ukishuka kiasi cha sentimita moja, basi. Shida ni kwamba kidole cha Babu kilikuwa cha mtu aliyenyanyua giaboksi za malori, na mimi nilikuwa kijana mwembamba. Alipobonyeza yeye ulishuka, nilipobonyeza mimi haukushuka. Nikamuuliza nani kati yetu ni sahihi. Hakukasirika. Alinipa kitabu cha Toyota chenye kurasa zilizolowa oili, akaniambia nitafute mwenyewe.

Kitabu kilisema nguvu ya kubonyezea ni 98 N, yaani kilo 10, kisha kikatoa milimita za mkanda mpya na milimita za mkanda uliokwisha kutumika, mbali mbali. Na kilieleza mpya ni upi: ule ambao haujafikisha dakika 5 injini ikiwa inazunguka. Dakika 5! Maana yake mkanda huvutika na kujikalisha kwenye puli ndani ya muda mfupi sana, na aliyefunga, akakaza na kumwachia mteja aondoke papo hapo amemkabidhi gari lenye mkanda uliolegea. Tangu siku hiyo hakuna gari lililotoka mikononi mwangu na mkanda mpya bila kuungurumishwa, kuzimwa, na kupimwa mara ya pili.

Nilinunua mizani ya ndoano, ile wanayopimia nyama na samaki. Kwenye ndoano nikafunga kipande cha mkanda wa usalama kilichokatwa kwenye gari bovu, ili chuma kisiuchane mpira. Unalaza rula ndefu juu ya puli mbili, unavuta mizani katikati ya mkanda hadi isome kilo 10, mwenzako anasoma milimita. Kazi ya dakika chache, injini ikiwa imezimwa. Wenzangu walicheka mwanzoni, ila kidole chenye nguvu na kidole dhaifu sasa vilikuwa vinatoa namba moja, na namba inaandikika.

Hapo likaja daftari. Kila gari ukurasa wake: kilomita, milimita, hali ya mbavu, na kama taa ya chaji inawaka ufunguo unapowashwa kabla injini haijashika. Hilo la mwisho madereva walilidharau, lakini balbu ile ikiungua, mkanda ukikatika huna wa kukuambia. Uzuri wa daftari si namba moja. Ni mwendo wa namba. Mkanda uliokaa kwenye milimita zile zile mwezi baada ya mwezi ni mzima. Ulioanza kulegea kila unapokazwa, tena kwa haraka kuliko zamani, unakaribia mwisho wake, hata kama kwa macho hauna ufa.

Kulikuwa na mwenye magari mmoja, mtu mwema kwangu, lakini aliyebana matumizi. Ukurasa wa gari lake mojawapo ulionyesha mikanda inalegea haraka, na mmoja nyuzi zake za pembeni zilikuwa zimeanza kuchomoza. Niliandika ibadilishwe yote miwili. Akanunua mmoja, akaufungisha kwingine. Mikanda inayokwenda jozi haichanganywi, mpya na mkuukuu, maana mpya hubeba mzigo wote na mkuukuu hubaki ukipigapiga hewani. Mkuukuu ulipokatika ulijisokota kwenye puli ukauondoa na ule mpya. Gari lilikuwa limeanza kuteremka kwenda Ipogolo, limejaa, na balbu ya chaji ilikuwa imekufa.

Dereva alinisimulia jioni ile akiwa bado anatetemeka. "Fundi, ya kwanza ilishika. Ya pili ikashika kidogo. Ya tatu nikakanyaga jiwe." Ndivyo ilivyo: busta huwa na akiba ya mikanyago michache, ikiisha unabaki na nguvu ya mguu wako tu. Alifanya vizuri mno. Alirudisha gia ya pili, akavuta breki ya mkono taratibu, akalisugua gari kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama. Watu walishuka na michubuko, hakuna aliyekufa. Kesho yake mwenye gari alikuja, akaomba aone ule ukurasa, akausoma kimya. Tangu hapo magari yake yote yaliletwa kupimwa bila kukumbushwa, na wenye magari wengine wakafuata.

Watu hudhani mkanda unaolia ndio wenye hatari na ulionyamaza ni mzima. Si kweli, na imani hiyo ndiyo inayoleta mchezo wa kupaka sabuni. Sabuni inanyamazisha mlio na kuuacha mkanda ukiteleza, ukipata joto, mbavu zake zikigeuka ngumu na kung'aa. Iringa asubuhi za Juni na Julai ni baridi, magari mengi hulia yanapowashwa, na kila mwaka tuliletewa mikanda iliyopakwa kila kitu. Njia yangu kwa mikanda ya mifereji ni maji safi kidogo, injini ikiwa polepole na mkono ukiwa mbali. Mlio ukizidi mara tu maji yalipogusa, mkanda umelegea. Mlio ukikatika kidogo kisha ukarudi, tazama puli, kuna iliyokaa upande.

Mkanda wa taiming ni habari nyingine kwa sababu huuoni wala huusikii, uko ndani ya kasha lake. Land Cruiser za 1HZ zinazokwenda Hifadhi ya Ruaha zina taa ya T-BELT inayowaka kwenye kilomita 100,000. Taa hiyo huzimwa kwa mkono baada ya kubadili mkanda, na kwa masikitiko nimefungua magari ambayo taa ilizimwa na mkanda haukuguswa. Ukikatika kwenye dizeli, valvu hukutana na pistoni, na hapo tunazungumzia hedi. Kwa magari ya mtumba kutoka Japani, nawasihi wanunuzi watafute stika ya gereji ya kule karibu na injini, yenye kilomita na tarehe ya kubadilishwa. Mwaka mara nyingi umeandikwa kwa hesabu ya Heisei, ambapo mwaka wa 1 ni 1989, kwa hiyo 12 ni mwaka 2000. Nimewahi kukuta stika yenye kilomita nyingi kuliko zilizokuwa zikisomeka kwenye dashibodi. Mwenye gari aliondoka pale anajua zaidi ya alichoambiwa bandarini.

Siku hizi mikanda mingi ni ile mipana yenye mifereji, na mpira wake si wa zamani. Ule wa zamani ulipasuka nyufa, ukahesabu, ukabadilisha. Huu wa EPDM haupasuki kirahisi. Unalika taratibu, mifereji ikizidi kuwa mipana na mkanda ukizama kwenye puli. Fundi anayetafuta nyufa atausifu mkanda uliokwisha. Mingi ina tenshena ya springi, ambayo inaendelea kuvuta na kuficha uchakavu, kwa hiyo tunaandika mkono wake umefika wapi kati ya alama zake, na kama unatetemeka injini ikiwa polepole.

Kijana ninayefanya naye kazi sasa ameleta njia yake kwa magari yasiyo na tenshena. Anaupiga mkanda kwa kidole, anasogeza simu yenye programu ya kupimia sauti, ile wapiga gitaa wanayotunia nyuzi, na kusoma mrindimo. Nilimtaka anieleze hesabu kabla sijakubali, akanieleza: mvuto unakwenda na mrindimo mara mrindimo. Ukishuka nusu, mvuto umebaki robo. Ukishuka kutoka 50 hadi 45, karibu moja ya tano ya mvuto imepotea, mabadiliko ambayo hakuna kidole gumba kinachoweza kuyahisi. Nimeongeza safu ya mrindimo kwenye daftari. Mizani bado inaning'inia ukutani na bado tunaitumia; namba zake na za simu zisipoelewana tunapima upya zote mbili, na gari haliondoki mpaka tujue ni kwa nini.