Jalada Lisilo na Jina

Kwa majuma matatu nililihangaikia jalada la mpango wangu wa biashara kuliko mpango wenyewe. Nataka kupika na kuuza vyakula vya pwani hapa Birmingham: vitumbua, mkate wa kumimina, biriani ya Ijumaa. Kurasa za hesabu zilinitia hofu, nikakimbilia ukurasa wa mbele, mahali ambapo rangi hazikudai majibu. Nikaweka pindo la kanga, jahazi, minazi, sahani ya biriani na aina nne za herufi. Nilipomaliza niliona fahari, na fahari ile, nikiitazama leo, naona nusu yake ilikuwa woga.

Nikampelekea bibi mmoja wa Kizanzibari, mshonaji, jirani yangu huku Sparkbrook. Nilimwamkia, akaipokea karatasi, akaiweka chini ya taa ya cherehani na kuitazama kimya kirefu.

"Mjukuu wangu, hii kanga," akasema. "Pindo naliona, mji nauona. Jina liko wapi?"

Nikamwonyesha jina la biashara. Akatikisa kichwa.

"Lako wewe."

Halikuwepo. Wala nambari ya simu, wala tarehe. Ningependa kusema nilisahau, lakini sina hakika kama huo ndio ukweli. Katika miaka yangu hapa nimeulizwa mara nyingi jina langu hutamkwaje kabla ya kuulizwa ninajua kufanya nini. Huenda mkono ulijifunza kulificha bila kuniambia.

Siku chache baadaye, nikielekea Maktaba ya Birmingham, ile iliyofunguliwa mwaka 2013, nilisimama mbele ya jengo la Baskerville House. Pana mawe yenye herufi zilizogeuzwa nyuma mbele, kama zilivyo herufi za mpiga chapa. Nimeyapita mara nyingi nikiwa na haraka zangu. Ni kumbukumbu ya John Baskerville, mpiga chapa wa mji huu, aliyefundisha hati na kuchonga maandishi kwenye mawe, akapata mali kwa vyombo vilivyopakwa vanishi, kisha akahangaika miaka kadhaa na herufi zake kabla ya kutoa kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, mwaka 1757. Ukurasa wake wa mbele hauna picha wala ua. Una herufi zilizoachiana nafasi na weupe mwingi wa karatasi, na kwenye sehemu ya chini una mji, jina la Baskerville mwenyewe na mwaka. Mtu aliyekaa na herufi miaka yote hiyo hakuona haja ya kuupamba.

Sijui kama weupe ule unamfaa kila mtu. Chakula kinataka rangi, nami bado nalionea huruma lile jahazi. Nimelifuta, nikalirudisha, nikalifuta tena. Pindo jembamba la kanga nimelibakiza.

Sasa kwenye jalada, juu pana jina la biashara, chini yake maneno "Mpango wa Biashara", na chini kabisa Sparkbrook, Birmingham, majina yangu yote matatu, simu, mwezi na mwaka. Bibi ameliona, akanirudishia bila neno, akaendelea kushona. Kurasa za hesabu nimezianza upya jana usiku.