Fundi Magurudumu wa Suffolk

Mjomba,

Uliniuliza wajukuu zako upande wa baba yao ni akina nani hasa, nami nikakuahidi barua, maana jibu lake si la kwenye simu. Nakujibu sasa kwa raha, kwa sababu nimeona wewe ndiye wa kuelezwa mambo haya kuliko mtu mwingine yeyote wa kwetu. Upande huo ni wa mafundi wa mbao, kama wewe.

Babu wa babu yake mavyaa wangu alikuwa akitengeneza magurudumu ya mikokoteni ya farasi katika kijiji kimoja cha Suffolk, mashariki ya Uingereza, nchi ya ngano na shayiri. Hakuacha picha wala barua. Mavyaa alikuwa amebakiwa na maneno mawili matatu aliyoyasikia kwa baba yake: kwamba palikuwa na fundi, kwamba karakana ilikuwa ng'ambo ya kanisa, basi. Mimi na yeye tukaanza kumtafuta fundi huyo, mume wangu akiwa kazini.

Wenzetu hawa wana bahati ya makaratasi. Mwaka 1538, enzi za Mfalme Henry wa Nane, kila parokia iliamriwa kuandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Usajili wa serikali ukafuata tarehe 1 Julai 1837. Tena kila miaka kumi watu huhesabiwa, na tangu 1841 majina ya kila nyumba yameandikwa na kuhifadhiwa. Vitabu vya hesabu hiyo hufungwa kwa miaka 100 kabla ya umma kuruhusiwa kuvisoma, ndiyo maana vya mwaka 1921 vilifunguliwa Januari 2022. Vya 1931 viliungua vyote kwa moto mwaka 1942, na 1941 hapakuwa na hesabu kwa sababu ya vita.

Tukampata. Mwaka 1841 yumo, kijana, ana mke na mtoto mchanga. Umri wake umeandikwa 25, lakini mwaka ule makarani waliagizwa kuushusha umri wa watu wazima hadi kwenye tano iliyo chini, kwa hiyo mtu wa 29 naye huandikwa 25. Mwaka 1851 habari zinaongezeka: kijiji alichozaliwa, ambacho si kile alichokuwa akiishi, na kwamba ni fundi mkuu aliyeajiri mtu mmoja. Waajiri waliulizwa mwaka ule wana watu wangapi. Mavyaa alipousoma mstari ule alinyamaza kitambo, kisha akauliza: huyo mtu mmoja alikuwa nani?

Nami nikajiuliza swali jingine. Kwa nini alihama kwao? Hapo ndipo nilipotambua, mjomba, kwamba mtu wa namna hii humpati kwa kufuata jina lake. Majina ya pale ni machache, kila mwanamume ni John au William, utapotea. Ufuate ufundi wake. Ufundi ndio uliomhamisha, ukamwozesha, ukamlisha, na baadaye ukawatawanya wanawe.

Cheti cha ndoa kilitufungulia mlango. Tangu 1837 cheti cha Uingereza kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, pamoja na kazi zao. Baba yake fundi wetu alikuwa kibarua wa mashamba. Baba wa bibi harusi alikuwa fundi magurudumu, katika kijiji kilekile cha karakana. Alimwoa binti wa mwalimu wake! Wewe unajua maana ya hilo: mzee hampi binti yake mwanagenzi asiyemwamini na msumeno. Fundi wetu ametia saini kwa mkono wake, herufi zimesimama vizuri. Mkewe ametia alama ya msalaba.

Jambo moja katika cheti hicho liliniuma. Mama wa maharusi hawamo kabisa. Uingereza na Wales ziliendelea kuandika baba peke yao katika ndoa mpaka Mei 2021. Miaka karibu 184 mama wanazaa, wanalea, wanapika karamu ya harusi, na karatasi haiwajui. Mama yake fundi tulimkuta kwenye kitabu cha ubatizo, jina lake la kwanza tu, bila ukoo wake. Mpaka leo hatujui alitoka kwa nani, nami siwezi kulizoea jambo hilo, kwa kuwa wanangu ni damu ya mama yule kama walivyo damu yangu.

Sasa mtoto wa kibarua alipataje mwalimu? Mwenye fedha alimlipia mwanawe ada kwa fundi mkuu. Fundi aliyemfundisha mwanawe mwenyewe mara nyingi hakuandika mkataba wowote. Mtoto wa maskini alikuwa na njia ya tatu: parokia yenyewe, kupitia waangalizi wa maskini, ilimkabidhi kwa fundi, mahakimu wawili wakaidhinisha. Mkataba wake wa namna hiyo ndio tuliousoma katika jengo la kumbukumbu za Suffolk mjini Ipswich, karatasi ya chapa yenye nafasi zilizojazwa kwa wino. Mvulana atakaa kwa fundi mpaka atimize miaka 21, atalishwa na kuvikwa, atafundishwa kazi. Hakuna aliyemwuliza. Parokia ilitaka kupunguza mdomo mmoja katika hesabu zake, kwa kuwa kila parokia ililazimika kuwalisha maskini wake. Karatasi iliandikwa kwa ubahili, na ndiyo iliyompa maisha.

Lakini karatasi zote hizo, mjomba, hazisemi alifanya nini asubuhi. Hili nilikwenda kulitafuta katika kitabu cha George Sturt kilichotoka mwaka 1923. Sturt alirithi karakana ya magurudumu ya baba yake huko Farnham, kusini ya Uingereza, mwaka 1884. Alikuwa mwalimu wa shule, kazi haijui, na mafundi wa karakana ndio waliomfundisha. Kwa kuwaheshimu akaandika kila walichokuwa wakikijua kwa mikono.

Sikiliza. Gurudumu moja lilitaka miti mitatu. Kitovu ni cha mti wa elm, kwa kuwa nyuzi zake zimesokotana na haupasuki hata ukiuzungushia matundu ya spoki. Spoki ni za mwaloni, uliopasuliwa kwa kufuata nyuzi, haukukatwa kwa msumeno, ili nguvu isikatike njiani. Ukingo ni wa mti wa ash, ambao hunepa na kurudi, na huunganishwa vipande vipande, kila kipande kikipokea spoki mbili. Mbao zilikaushwa kwa miaka kabla ya kuguswa. Gurudumu lenyewe halikuwa bapa. Lilibonyea kidogo mfano wa sinia, maana farasi akitembea mzigo huyumba kulia na kushoto, na gurudumu bapa lingefumuka. Mwisho wanakuja na pete ya chuma, ndogo kuliko gurudumu kwa makusudi. Inachomwa motoni hadi itanuke, inapachikwa, mbao zinawaka, wanamwaga maji kwa haraka, na chuma kikisinyaa kinayabana maungio yote kwa pamoja. Hakuna gundi wala msumari wa kufanya kazi hiyo.

Fundi huyohuyo, kijijini, ndiye aliyetengeneza malango ya mashamba, ngazi, na majeneza. Katika madaftari ya waangalizi wa maskini utaona mafundi wakilipwa kwa majeneza ya watu wasio na jamaa. Najua na wewe unaitwa usiku kwa kazi kama hiyo, na hujawahi kudai fedha mbele ya wafiwa.

Wanawe hawakubaki. Kiwanda cha Garrett pale Leiston, palepale Suffolk, kilikuwa kikiunda injini za mvuke za mashambani, na katika miaka ya 1850 kilijenga jengo refu ambamo injini zilipita kutoka kundi moja la mafundi hadi jingine. Lile jengo lingalipo, ni makumbusho. Mwana wa fundi wetu, babu wa baba yake mavyaa, ameandikwa huko katika hesabu ya 1871, mfanyakazi wa kiwandani. Mjukuu akawa dereva wa lori. Karakana ya ng'ambo ya kanisa sasa ni nyumba ya kuishi.

Yule mtu mmoja aliyeajiriwa bado tunamtafuta. Mavyaa ameshikilia kwamba naye ni wa kwetu.

Nina ombi, mjomba. Mdogo wangu anakuja kwako Idi hii na simu nzuri. Kaa naye uwanjani umtajie aliyekufundisha wewe, na aliyemfundisha huyo, na mama zao kama unawajua. Umtajie mvule ulikuwa ukiutoa wapi, na milango ya nani uliichonga, na vijana waliopita mkononi mwako na walikoenda. Mweleze kuunga fremu polepole, kama vile hajapata kuona patasi. Asipoelewa, arudie kuuliza.

Mpwao,
Ipswich