Kusalimika Si Hoja

Sisi watu wa pwani twaijua bahari na pepo zake. Theluji hatuijui ila kwa kusikia. Lakini mafunzo hayachagui nchi. Haya nitakayoyasimulia yalitokea katika milima ya jimbo la Washington, Marekani, nayo yamenigusa hapa barazani kwangu hata nikaona si haki kuyanyamazia.

Mpwa wangu, niliyemsomesha mwenyewe tangu alifu, anafanya kazi huko. Alipokuja likizo baada ya Idi, alinambia kuwa wakati wa baridi yeye na wenziwe wanne walipanda mlima, nje ya njia zinazolindwa, wamefunga miguuni zile mbao ndefu za kutelezea, ili washuke juu ya theluji isiyokanyagwa na mtu.

"Hakuna hatari?" nilimuuliza.

Akanieleza. Theluji hulaliana tabaka juu ya tabaka. Pengine tabaka la chini huwa ni chembe zisizoshikana, na la juu likawa bamba zito. Mfano wake ni mkeka uliotandikwa juu ya mchele uliomwagika sakafuni: ukiukanyaga, mwateleza pamoja. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo ya kuogopwa zaidi, na ndiyo hiyo hiyo waipendayo. Na mara nyingi anayeliangusha bamba ni yule yule litakayemfukia, au mwenziwe. Asipofukuliwa katika robo saa ya mwanzo, matumaini ya uhai wake hupungua upesi.

Kila siku hutolewa tangazo la hatari, daraja la 1 hadi la 5. Siku ile lilikuwa la 3. Watu huona 3 ni katikati, basi si neno. Kumbe wengi hufa katika siku kama hizo, kwani siku ya daraja la 5 watu hukaa majumbani.

Njiani mpwa wangu alisikia theluji ikitoa mshindo mzito chini ya miguu yake, akaona na ufa ukikimbia mbele ya mbao zake. Alikwisha kufunzwa kuwa hizo ni alama za bamba linalotaka kukatika. Akamtazama kiongozi wao, aliyeuzoea mlima ule kwa miaka 15. Kimya. Akawatazama wengine. Kimya. Naye akanyamaza. Wakashuka, wakafika salama, wakacheka.

Jioni mmoja wao akamwambia faraghani: "Hata mimi niliusikia ule mshindo. Nilinyamaza kwa kuwa wewe ulinyamaza."

Katika jimbo hilo hilo, tarehe 19 Februari 2012, watu wapatao 16 walikwenda kushuka mahali paitwapo Tunnel Creek, na wengi wao walikuwa mabingwa. Watatu walikufa. Baadaye baadhi ya waliosalimika walikiri kuwa walikuwa na wasiwasi. Lakini nani angesema mbele ya mabingwa wale? Mtafiti Ian McCammon alizichungua ajali 715 za Marekani za baina ya mwaka 1972 na 2003. Akaona kuwa wengi waliingia hatarini na alama ziko dhahiri, tena wengine wamesomea. Kilichowaponza ni mambo ya nafsi: kuzoea mahali, kumwachia mjuzi kila kitu, na kutotaka kurudi nyuma.

Nikamkemea mpwa wangu: "Mbona hukusema?"

Akainama. "Mjomba, wewe ndiye uliyetufunza kuwa mdogo hasemi mbele ya wakubwa."

Sikuwa na jibu. Kweli nilimfunza hivyo, tena kwa bakora. Nilidhani nafunza adabu, kumbe pamoja nayo nalifunza ukimya unaoua. Adabu ni namna ya kusema, si kutosema. Huko Badri, mwaka wa 2 Hijria, Sahaba Hubab bin Mundhir alimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo mahali walipotua ni amri ya Mungu au ni rai. Alipojibiwa kuwa ni rai, akaonyesha mahali bora penye maji, na shauri lake likakubaliwa. Aliuliza kwa adabu, lakini aliuliza.

Na lililo kubwa zaidi: kusalimika si hoja. Mwenye kukosea mlimani mara nyingi hurudi salama, akadhani alijua. Mlima haumwambii kosa lake, ila siku ambayo huenda asiweze tena kujifunza.

Mpwa wangu amerudi huko na sharti: kabla ya kila mteremko, kila mtu atoe rai yake, akianza aliye mdogo, na "hapana" ya mmoja yatosha kuwarudisha wote.

Nami nimelichukua sharti hilo chuoni. Juma lililopita niliwauliza watoto kama wana la kunambia, nikaanza na wadogo. Mmoja wa miaka tisa akasema kwamba nguzo ya kibanda tunachosomea imeliwa na mchwa. Nikaiendea, nikaibonyeza kwa kidole; kidole kikazama. Nikawauliza wakubwa wao: "Nyinyi hamkuiona?"

Wote walikuwa wameiona.

Mola atupe ndimi za kusema haki kwa upole, na masikio ya kuisikia kwa wadogo wetu. Amin.