Kocha na Pointi 25

Msimu wa 2022 Iowa, timu ya chuo kikuu ya futiboli ya Kimarekani, waliufungua kwa kuwafunga South Dakota State 7-3 bila tachidauni hata moja. Pointi tatu zilitoka kwa mkwaju uliopita katikati ya milingoti. Nne zilizobaki zilitoka kwa walinzi, waliowabana wapinzani ndani ya eneo lao wenyewe la mwisho mara mbili. Sebuleni kwetu Coralville mzee mmoja wa Bukavu aliniuliza, "Mdogo wangu, hawa wameshinda au wamenusurika?"

Siku zile kumhukumu Brian Ferentz, kocha wa mashambulizi, ilikuwa kazi rahisi: jaribio la tatu, yadi nane zimebaki, anaita mpira wa kukimbia, watu wanazomea. Tena baba yake, Kirk, ndiye kocha mkuu tangu 1999. Kwenye karatasi Brian aliripoti kwa mkurugenzi wa michezo, lakini mashabiki walisema ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Kisha ukaja mkataba wa 2023. Mshahara ulipunguzwa hadi dola 850,000, na sharti likawa ushindi usiopungua mechi saba na wastani wa pointi 25 kwa mechi. Tukageuka wahasibu. Mechi ya kwanza iliisha 24-14 dhidi ya Utah State, tumeshinda, na watu wananuna kwa pointi moja! Ajabu zaidi, pointi za walinzi nazo zilihesabiwa, kana kwamba mpishi anasifiwa kwa chakula kilicholetwa na jirani.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonichosha, nikaanza kurudia mechi na kutazama miguu ya wale watano wa mbele. Mchezo mama wa Iowa ni huu: safu nzima inateleza upande mmoja, mkimbiaji anaifuata kwa subira, mwanya ukifunguka anakata kurudi ndani. Pacha wake ni pasi ya hadaa: kwotabeki anajifanya kumpa mkimbiaji mpira, halafu anatokea upande wa pili. Pacha huyo hana maana kama mbio hazitishi, na mbio nazo hubanwa pasi zisipotisha. Kwotabeki Cade McNamara alipoumia goti, na wapokeaji wake wa pasi Luke Lachey na Erick All nao wakaumia, nani angetishika? Hata hivyo simtetei Brian kwa yote. Safu ilivyojipanga, hata mimi niliye kwenye kochi nilikuwa nikiujua mchezo kabla mpira haujatoka.

Oktoba ikatangazwa kwamba Brian hatarudi. Iowa walimaliza na ushindi 10, na wastani wa pointi kama 15.

Mwaka 2024 akaja kocha mpya wa mashambulizi, Tim Lester. Mbio ni zilezile, ila sasa mchezaji mmoja anahama upande kabla mpira haujachezwa, na walinzi wa wapinzani wanajiuliza wamfuate au wabaki. Kaleb Johnson alikimbia yadi 1,537 msimu huo. Pasi bado zilikuwa za kubahatisha, na mzee wa Bukavu bado anazomea jaribio la tatu.