Fundi wa Stima Mlangoni



Ndugu zetu wasomaji, waume kwa wake, khabari tutakayoisimulia hapa si ya fakhari kwetu, na tumekaa nayo kifuani miezi mingi kabla ya kuthubutu kuiandika. Lakini tumeona kwamba wengi katika jamaa zetu wamepatwa na mfano wake, na kila mmoja ameificha kwa haya. Na kuificha huko ndiko kunakowapa waovu nafasi ya kuingia nyumba ya pili na ya tatu.

Sisi twakaa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya mawe na chokaa tuliyoachiwa na wazee wetu. Wazijuao nyumba hizi wajua kwamba kuta zake hunywa maji ya mvua na chumvi ya bahari, na kila kilicho cha chuma au shaba ndani yake huliwa polepole. Nyaya zetu za stima zilitiwa zamani, nyekundu na nyeusi kwa desturi ya siku zile, na katika chumba cha nyuma haukuwako waya wa tatu, ule wa ardhi. Siku tatu kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani taa ya chumba hicho ilianza kupepesa, kisha ikazima, na feni pamoja nayo. Humo ndimo alalamo mama yetu, ambaye umri wake umepita miaka 80, na humo ndimo lilimo friji dogo la dawa zake za sukari.

Tulikuwa na fundi wetu wa siku nyingi, mtu mzima mwenye leseni. Hatukumwita. Sababu yake tutaieleza mbele.

Kijana wa jirani akatuletea mtu mwingine. Alikuwa mwenye ulimi mtamu, akaingia kwa bismillahi ya sauti kubwa. Hakutoa chombo chochote cha kupimia. Alitazama dari, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, nyumba hii yote itaungua. Bahati yenu nimefika leo." Insafu yatulazimu kusema kwamba hapo ndipo tuliposhindwa, maana hofu ilitangulia uchunguzi. Fundi wa kweli huuliza kwanza: taa ilizima lini, ilipepesa kabla ya kuzima, je, palikuwa na harufu ya kuungua? Kisha hupima kituo baada ya kituo, ndipo akasema neno. Huyu alisema neno kwanza, na kupima hakupima kabisa.

Akataka fedha za vifaa saa ile ile, aende sokoni peke yake. Tukampa zote. Akarudi baada ya Alasiri na mzingo wa waya usio na jina la mtengenezaji wala stakabadhi ya duka. Akafanya kazi kwa muda wa saa mbili, akatubadilishia soketi zilizokuwa nzima, na zile za zamani akazitia mkobani mwake akituambia kuwa zimeharibika. Taa ikawaka, feni ikazunguka, nasi tukamlipa ujira wake wote tukimwombea kheri.

Usiku wa tatu wa Ramadhani mama aliamka kabla ya daku ili asali. Akatia udhu, akarejea chumbani miguu mitupu na mikono ingali na maji, akashika mlango wa friji atwae dawa. Tulisikia kishindo. Stima ilikuwa imemrusha hata akaanguka ubavuni mwa kitanda. Alhamdulillahi ilimrusha wala haikumshika, maana wapo iliowashika hata wakafa wima. Mkono wake wa kulia ulikaa wiki nzima bila ya kuweza kuinua kikombe.

Asubuhi yake tulikwenda kwa fundi wetu wa zamani, na njiani twalitamani jua litufiche. Alikuja. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuzima swichi kuu, kisha akaifungua soketi ya friji, akatuita tutazame. Chumba kile hakikuwa na waya wa ardhi. Basi yule mtu, ili soketi yake mpya ionekane imetimia, alichukua kipande kifupi cha waya akakiunga kutoka tundu la ardhi hadi tundu la waya wa kurudisha. Hilo peke yake ni khatari. Na juu ya hilo alibadilisha nafasi, akautia waya wenye moto mahali pa waya wa kurudisha. Kwa hivyo mwili wote wa friji ulikuwa na volti 240 tangu siku ile, nasi tulikuwa tukiligusa kwa usalama kwa sababu ya makubadhi miguuni na sakafu kavu. Wala kile chombo kidogo cha kuchomeka katika soketi, ambacho wengi hukitegemea, kisingalionyesha kosa hilo.

Kisha akakwangua ule waya mpya kwa kisu. Juu ulikuwa mwekundu, ndani mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namna hii ni mwepesi mkononi, hupata moto upesi kuliko shaba tupu, na maungio yake hulegea. Tulipouona tuliikumbuka khabari ya Mtume (s.a.w.) aliyetia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, akakuta juu kukavu na ndani kubichi, akamkataa aghushiye kuwa si katika watu wake.

Na ubovu wa asili ulikuwa nini? Ni skrubu moja iliyoliwa na kutu katika kisanduku cha maungio darini. Ilikuwa kazi ya robo saa.

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sisi tuliutazama uaminifu, nao kwa bismillahi tu, na nguvu hatukuiuliza. Nguvu ya fundi wa stima ni elimu yake, na hapa Kenya elimu hiyo ina ushahidi: leseni itolewayo na EPRA, mamlaka iliyowekwa kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Leseni hizo zina madaraja yake, kila moja na kazi zake. Kuitaka leseni na kuisoma jina si kumvunjia mtu heshima. Hali kadhalika kuandikiana. Wapo wasemao kwamba kuandikiana baina ya Waislamu ni kutoaminiana, ilhali aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni na kushuhudisha. Lau tungaliandika kazi gani, vifaa gani, bei gani, na lini italipwa sehemu ya mwisho, na tungalikwenda dukani pamoja naye, mzingo ule usingaliingia nyumbani.

Na hapa twapenda kuwakumbusha mabibi wa nyumbani, khasa wabakiao peke yao mchana. Akija mtu aliyevaa sare na kusema ametumwa na shirika la stima, msimfungulie kwa sababu ya sare. Shona ya nguo haina dhamana. Pigeni simu kwa nambari iliyo katika karatasi za shirika lenyewe, si nambari atakayowapa yeye. Akisema kwamba bwana wa nyumba amemwagiza, bwana na aulizwe. Na atakayejitolea kufungua lakiri ya mita ili stima ipungue bei, huyo anawaita katika wizi, na kesho ni ninyi mtakaoshitakiwa.

Sasa ile sababu. Miaka miwili nyuma fundi wetu alitutilia stima jikoni. Tulipatana bei, akamaliza, nasi tukamlipa theluthi mbili, tukamwambia iliyobaki ataipata mwisho wa mwezi. Mwezi ukapita, na mwingine. Hakutudai ila mara moja. Baadaye tulikuwa tukitoka msikitini kwa mlango wa upande tusionane naye uso kwa uso, na hali tumesoma tangu chuoni kwamba mwajiriwa hupewa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ndiyo maana taa ya mama ilipozima, tulimkubali mgeni tusiyemjua. Tulikuwa tunamkimbia mtu tunayemjua.

Alikaa kwetu siku mbili akiwa amefunga. Akavuta waya wa shaba, akapigilia fimbo ya ardhi uani, akaweka na swichi ijikatayo yenyewe stima inapovuja kiasi cha milliampia 30. Soketi alizozitoa alitukabidhi zote. Tulimpa ujira wake na deni la zamani pamoja. Akazihesabu fedha mbele yetu, akauliza hali ya Bi Mkubwa, kisha akaandika stakabadhi mbili, moja ya kazi ile, na ya pili ya jikoni, akitia tarehe ya kazi na tarehe ya malipo, na baina yake miaka miwili. Hiyo ya pili ingali kabatini mwetu.