Kontena Halijai kwa Hesabu ya Darasani

Chukua kontena la futi 20. Ndani lina urefu wa mita 5.9 hivi, upana 2.35 na kimo 2.39, yaani mita za ujazo 33. Je, masanduku ya mita moja kila upande yataingia mangapi? Darasani wengi walisema 33. Wapi! Ni 20 tu: matano kwa urefu, mawili kwa upana, mawili kwenda juu. Panapobaki panasafirisha hewa, na hewa hiyo inalipiwa nauli.

Ndiyo maana kuna programu za kupanga shehena. Msidhani tarakilishi hujaribu kila njia. Masanduku 10 tu, ukihesabu lipi litangulie lipi, yana mipangilio 3,628,800, na hapo hujayalaza ubavu! Programu nyingi hutanguliza makubwa, kisha huyatafutia madogo mianya. Baba, ambaye ni kuli huko Changamwe, Mombasa, alicheka nilipomweleza. "Ati hilo ndilo jipya, mwanangu?"

Lakini siku hizi hacheki sana. Programu haijui kuwa katoni ya vigae haikai juu ya katoni ya glasi mpaka iambiwe. Wa kuiambia ni karani, naye huteremka kumwuliza baba. Karani huandika, mchoro hutoka, na makuli sita wamekuwa wanne. Mimi naona anayeulizwa ndiye angeketi mbele ya kile kioo. Baba husema macho yake yamechoka. Ila juzi aliniuliza, "Hicho kipanya, kinashikwaje?"